Bi Rula na Sentimita Mbili

Jina alipewa siku ya tatu ya kazi. Wauza samaki walimwona akishuka dikoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki asubuhi, akiwa na ubao mrefu wenye rula ya chuma. Alimlaza samaki juu ya ubao kama anayempima shati, akaandika daftarini, kisha akatoa kamera na kumpiga picha. Samaki mmoja, picha moja. Samaki mia, picha mia.

"Huyu anawachukulia pasipoti," alisema Mama Ndoo, mwenyekiti wa wauza samaki, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo bila simu. "Mwanangu, hawa hawasafiri. Safari yao inaishia kwenye kikaango!"

Watu wakacheka mpaka wakashikilia mbavu. Tangu siku hiyo jina lililoandikwa kwenye cheti chake lilibaki juu ofisini. Huku chini akawa Bi Rula, na akaitika.

Hakuona ubaya, maana alikulia katika nyumba ya vipimo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na shingoni mwake futi ya kupimia nguo haikutoka hata siku ya msiba. Upande wa pili wa ukuta, mjomba wake alipiga picha za vitambulisho katika chumba chenye stuli moja na pazia jeupe. Mchana wateja wakipungua, mjomba alimpa kamera na kumsimamia nyuma. "Anza na jicho," alikuwa akimwambia. "Jicho likitoka wazi, mengine yote mteja atasamehe." Upande wa huku wa ukuta mama naye alikuwa na lake: "Kitambaa ukishakikata, hakisikii pole." Mtoto akayameza yote mawili, na hakuna aliyemwonya kwamba siku moja yangegombana tumboni.

Akiwa chuoni, akisomea uvuvi, alisimama kando ya ndoo sokoni akaona samaki wa mistari aliye hai. Mistari mitatu ubavuni ilikuwa ya buluu inayowaka. Samaki akafa, na ndani ya dakika tano buluu ile ikafifia mbele ya macho yake ikawa majivu. Usiku huohuo akafungua kitabu cha chuo: "Rangi: kijivu." Akakifunga kwa kishindo. Aliyeandika kitabu alifika samaki ameshakufa, na bado akaandika kwa uhakika! Siku hiyo akaamua kwamba atawahesabu samaki na atawaonyesha, yote mawili, na asiyetaka asitake.

"Mshika mawili, moja humponyoka," mama alimwambia.

"Mbona wewe mama unashona huku unapika?"

"Na ndiyo maana mmekula vilivyoungua miaka ishirini."

Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vinne juu ya kilima kidogo, na barabara ya kushukia dikoni ilipita kati ya duka la dawa na kibanda cha fotokopi. Chumba chake kilikuwa na meza ya bati, friza iliyonguruma kama mzee mwenye mafua, na kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, anayefungia hata stepla yake kwa ufunguo. Kamera aliichukia waziwazi.

"Wewe ni mtafiti au mpiga picha wa harusi?" alimuuliza kila mwisho wa mwezi. "Kompyuta ya serikali imejaa nyuso za samaki."

"Ni kumbukumbu, mkuu."

"Kumbukumbu ni daftari."

Lakini ni zile nyuso za samaki zilizofunga ghuba, si daftari. Mwaka wa kwanza Bi Rula aligundua kwamba samaki wa mistari waliokuwa wakivuliwa kwenye ghuba ndogo, yenye majani wanamozalia, walikuwa watoto watupu. Wastani wa urefu ulikuwa sentimita ishirini na moja na nusu, na samaki yule hatagi hata mara moja kabla ya kufika ishirini na nne. Alileta majedwali mkutanoni, watu wakapiga miayo. Akaleta picha. Moja ilimwonyesha Mama Ndoo mwenyewe amesimama na ndoo yake, na samaki ndani ya ndoo, hakuna hata mmoja aliyezidi shibiri yake. Mama Ndoo aliitazama, akaacha kutafuna. Wiki ile ile wavuvi na wauza samaki wakaweka dole gumba kwenye karatasi: ghuba inafungwa, hakuna kuvua mle, na itafunguliwa siku wastani utakapofika ishirini na nne. Bi Rula angeruhusiwa kutega wavu mmoja mdogo mle ndani, wa kupimia tu.

Haikuwa sadaka ndogo. Ghuba ilikuwa mlangoni mwao. Kuifunga kulimaanisha mitumbwi kwenda mbali, na mtoto wa kiume wa Mama Ndoo akawa anaondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi, amekauka midomo. Kila Alhamisi mama yake alimuuliza Bi Rula swali moja tu: "Wamefika?" Na Bi Rula alijibu: "Bado. Wanakuja."

Mwaka wa tatu walifika. Wastani ulisoma sentimita ishirini na nne nukta tatu. Bi Rula alihesabu mara tatu, akapiga meza ya bati kwa kiganja hadi mkuu akachungulia mlangoni. Kitu kimoja tu kilimsumbua: samaki walirefuka lakini uzito haukupanda. Msomi hakosi maelezo. Akaandika aya mbili nzuri kuhusu samaki kuwa wengi, kugombania chakula na kukonda. Mkuu alizisifu sana. Ripoti ikatiwa saini, na mkutano wa kufungua ghuba ukapangwa Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo maktaba ya mji ilimtundikia picha zake ukumbini, kumi na nne, mara ya kwanza katika maisha yake. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya samaki wa mistari juu ya ubao, aliyepigwa akiwa bado na buluu yake. Ilikuwa na upana wa mita mbili, na jicho lilikuwa wazi hata ungeweza kumsalimia.

Mama alikuja alasiri, amevaa gauni la kutokea, futi ameiacha nyumbani kwa heshima ya shughuli. Alizunguka picha zote polepole. Kwenye ile kubwa akasimama. Akavaa miwani, akasogea mpaka mlinzi akakohoa.

"Mwanangu," alisema, "mbona futi yako imekatwa kichwa?"

"Futi gani mama? Hiyo rula."

"Rula, futi, dada na kaka. Tazama hapa mdomoni. Mdomo wa samaki umegusa kibao, sawa. Lakini namba ya kwanza hapo ni mbili. Sifuri iko wapi? Moja iko wapi?"

Bi Rula akatazama. Ni kweli ilikuwa mbili.

"Mimi iliwahi kunikuta," mama aliendelea, hajui anachokifanya. "Nilimpima bibi harusi kwa futi iliyokatwa ncha, nikaja kukata kitambaa kwa futi nzima. Siku ya siku, gauni ndilo lililomvaa yeye. Watu wanacheka mpaka leo. Kwani nyie mnapima na kukata kwa futi moja?"

Bi Rula alimwacha mama yake ukumbini bila hata kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada, akapanda kilima kwa miguu, akafungua kabati lenye kamba, akautoa ubao. Kibao kidogo cha mwisho, kile ambacho mdomo wa samaki huegemezwa, kilikuwa kimepigiliwa juu ya rula badala ya kuwekwa nyuma yake. Sifuri na moja zilikuwa zimelala chini ya kibao, zimefunikwa vizuri na misumari minne. Kila samaki aliyelazwa pale alipewa zawadi ya sentimita mbili.

Na alikumbuka. Ubao wa kwanza ulianza kuoza, akamwagiza seremala wa kituo atengeneze mwingine. Seremala alikuja nao dikoni, nyundo mkononi, akauliza, "Bi mkubwa, hiki kibao cha kichwa nikipigilie wapi?" Yeye alikuwa na jicho kwenye kamera, samaki mbele yake anaanza kufifia, na alijibu bila kugeuka: "Popote hapo mwisho, bora kishike." Kikashika kweli.

Miaka miwili hakuna aliyeona. Anayepima huangalia mkia, maana namba anayoitaka iko mkiani. Anayepiga picha huangalia jicho. Mwanamke huyu alifanya kazi zote mbili kwa bidii, na mdomo wa samaki ukakosa mwenyewe. Na zile aya mbili nzuri kuhusu kukonda! Samaki hawakukonda. Walikuwa na uzito wao halali kabisa. Urefu ndio uliokuwa wa kubambikiwa. Alikaa sakafuni na ubao mapajani, akaona aibu ikimpanda kuanzia miguuni, akalia kidogo. Kisha akajifuta kwa koti la maabara lililonuka fomalini, dawa kali ya kuhifadhia samaki, na hilo likamliza tena kwa sababu nyingine.

Kupunguza mbili kila mahali kusingetosha. Kwa miezi minne mbao zote mbili zilitumika kwa zamu, mpaka ule wa zamani ulipopasuka, na daftari halikuandika samaki yupi amepimwa kwa ubao upi. Daftari la mkuu, kumbukumbu pekee anayoiamini, lilikuwa halijui kitu. Lakini kila samaki alikuwa na picha.

Jumanne asubuhi alimweleza mkuu. Mkuu akafunga mlango, akakaa, akanyoosha kalamu zake zikawa sambamba.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni mtafiti?"

"Ni fundi cherehani."

"Basi hakuna anayejua." Akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Wavuvi wanataka ghuba ifunguliwe. Wauza samaki wanataka. Wakubwa wanataka habari njema. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Tufungue, na ripoti ya mwakani tutarekebisha kimyakimya."

"Mwakani hakutakuwa na samaki wa kurekebishia, mkuu. Wakiingia mle na nyavu zote, wale watoto wanaisha kwa msimu mmoja. Miaka mitatu ya wale watu inakwenda na maji."

"Kama lazima useme, basi sema ni kosa la seremala. Si ndiye aliyepigilia?"

"Aliniuliza, nikamjibu bila kumtazama."

"Kwa sababu ya nini?"

Alijua anapopelekwa, akaenda mwenyewe. "Kwa sababu nilikuwa napiga picha."

"Ahaa!" Mkuu aliegemea nyuma. "Nimesema miaka mitatu. Kamera imekuponza. Utajiharibia jina."

"Kuniponza imeniponza, sikatai. Na jina langu liko kwenye ripoti, na ripoti imeshaharibika. Naomba siku nne na ile kompyuta."

Alikuwa na samaki elfu tatu mia mbili na kumi na mmoja. Alianza saa mbili asubuhi na kufunga jioni, picha moja baada ya nyingine, safari hii akiangalia mdomo. Anaona sifuri, anaacha. Anaona mbili, anapunguza. Seremala alikuja Jumatano, kofia mkononi, amesikia.

"Bi mkubwa, wanasema nimekuua."

"Nani kasema? Uliniuliza swali la maana, nikakupa jibu la kipuuzi. Kaa hapa unisomee namba."

Akakaa. Alisoma namba kwa sauti ya msikitini, taratibu na kwa heshima, na kila alipofika kwenye "mbili" aliomba radhi, hadi Bi Rula akamkataza. Jioni alichukua vipande viwili vya mbao nzima, akatengeneza ubao mpya wenye kibao nyuma ya rula, sifuri iko hadharani. Bi Rula aliupeleka nyumbani kwanza. Mama akaukagua kwa ukucha wa dole gumba, akaguna.

"Huu sasa hata bibi harusi ungempima." Kisha akamtazama mwanawe usoni. "Unaogopa?"

"Naogopa, mama. Watanila nyama."

"Mimi nilirudi kwa yule bibi harusi na sindano mkononi, kanisa zima likitazama, nikamshonea mgongoni akiwa amesimama. Mficha uchi hazai. Nenda kawaambie."

Ijumaa jibu likatoka. Wastani wa kweli ulikuwa ishirini na mbili nukta nne. Kwa miaka yote ile, ghuba ile, subira ile, samaki walikuwa wameongeza milimita tisa. Hakulala usingizi mzuri, lakini asubuhi aliamka akiwa ameamua, na mtu aliyeamua huwa mwepesi kidogo hata kama anakwenda pabaya.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la mnada, watu wamejaa mpaka nje, wengine wamekuja na nyavu mabegani tayari kwa safari. Mkuu wa kituo, ambaye hajawahi kubeba hata faili lake mwenyewe, aliingia amekumbatia kompyuta yenye zile picha. Aliiweka mezani, akaichomeka umeme, akamvutia Bi Rula kiti.

Bi Rula hakukikalia. Aliweka mbao mbili mezani, ule mbovu na ule mpya, na samaki mmoja wa mistari wa asubuhi ile.

"Mama Ndoo," aliita, "nisaidie kupima."

Mama Ndoo alikuja akitabasamu, amefunga kitambaa kipya kichwani kwa ajili ya siku hiyo. Akamlaza samaki kwenye ule mbovu. "Ishirini na nne," alisoma kwa sauti, na banda zima likashangilia.

"Sasa huu."

Akamhamisha. Akainama, akainuka, akainama tena. "Ishirini na mbili," alisema, na safari hii sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Ni samaki huyohuyo," Bi Rula alisema. "Huu ubao uliosoma ishirini na nne nilisimamia mimi, na nilikosea mimi. Seremala aliniuliza, sikutazama. Miaka miwili nimewapa namba za uongo bila kujua. Hawajafika. Naomba radhi."

Banda lililipuka. Mmoja alisema msomi aletwe mwingine. Mwingine akasema ni njama, ghuba imeshapewa mtu. Mvuvi mmoja alitupa wavu wake chini akatoka. Bi Rula alisimama palepale, akasubiri. Walipochoka akawaonyesha picha, moja moja, za ubao wa zamani na za huu mbovu, mpaka kila aliyetaka akawa ameiona ile mbili mdomoni kwa macho yake. Picha zilichukua saa nzima. Mwisho hakukuwa na aliyesema njama.

Mama Ndoo hakuwa amerudi mahali pake. Alikuwa bado ameshika samaki yule kwa mkia.

"Mwanangu hurudi Alhamisi amekauka midomo," alisema. "Leo nimemwambia asiende, nimemwambia ghuba ni yetu. Ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Ungejua wewe, Mama Ndoo. Msimu ujao, ndoo ikiwa tupu. Na ungekuja kuniuliza kama kila Alhamisi, nami ningekutazama usoni nikudanganye."

Mama Ndoo akamweka samaki chini, akawageukia watu.

"Tulisema ishirini na nne. Hatukusema ishirini na mbili na pole. Anayetaka ghuba ibaki imefungwa anyooshe mkono." Na akanyoosha wake, polepole, kama mtu anayeinua gunia. Mikono ikafuata, mmoja huku, mmoja kule, kwa kusitasita na kwa kununa, lakini ikatosha.

Watu walipoanza kutoka, Bi Rula alikuwa akizikusanya mbao zake, na machozi yalikuwa karibu. Mama Ndoo akamzuia.

"Hiyo kamera umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Nipige picha. Hivihivi nilivyokasirika, nisirembwe. Uandike na tarehe. Siku watakapofika kweli, utasimama wewe hapa, nitakupiga mimi." Akauchukua ule ubao mpya, akauweka wima mbele ya kifua chake kama mtoto wa shule aliyeshika kibao cha jina. "Na huu uonekane."

Bi Rula aliweka kamera machoni. Mkono ulitaka kwenda kwenye jicho, kama ulivyofundishwa. Akauzuia. Alianza chini, kwenye ncha ya rula, akaiona sifuri, akapanda namba kwa namba mpaka juu. Ndipo akamtazama Mama Ndoo machoni, na Mama Ndoo naye akamtazama, hapepesi.